Taa ya Lifti ya Jengo la Tisa

Kapitolina Savvichna aliwajua watu wa Sosnovka kwa pumzi zao. Kwa miaka thelathini na moja alikaa katika chumba cha chini ya jengo la tano, mbele ya meza ya chuma yenye taa ndogo arobaini na mbili, kila taa na lifti yake. Mtu akikwama kati ya ghorofa alibonyeza kitufe, taa ikawaka, naye akaita, "Zamu?" Ndilo jina walilompa wote, wakubwa kwa wadogo, maana anayejibu ndiye aliye zamu, na siku moja kati ya nne aliye zamu alikuwa yeye. Mara nyingi hawakuhitaji hata kuita. Alimtambua mwalimu wa piano wa jengo la tatu kwa namna alivyovuta kamasi, na dereva wa tramu wa jengo la kumi na moja kwa mluzi uliomtoka puani akiingiwa na hofu. Dukani, kwenye foleni ya mkate mweusi, watu haohao walimpita kama mgeni, naye akawapita, mpaka mmoja aseme "nipe nusu kilo" na Kapitolina ageuke kama aliyeguswa begani.

Kulikuwa na neno moja ambalo hakulitamka kazini. Wenzake wa zamu nyingine walijibu kama walivyofundishwa: "Subiri, fundi yuko njiani." Yeye alisema, "Niko nawe." Vijana walimtania. Wewe shangazi Kapa uko nasi, sawa, walisema, na fundi je, naye yuko na nani? Alicheka nao, kisha akampigia simu Vilen, fundi wa lifti, mzee mwenye goti bovu na mdomo mchafu, aliyemwita malkia wa chini ya ardhi.

Sababu waliijua wawili hao tu. Miaka kumi na sita nyuma, tarehe mbili Januari, mchana, mtaa mzima ukiwa umelala baada ya sikukuu, mwalimu mstaafu wa jiografia aitwaye Lavrenty Osipovich alikwama katika lifti ya pili ya jengo la tisa akirudi na mkate. Vilen alikuwa peke yake kwa majengo yote, na wakati huo alikuwa anamtoa mama na mtoto mchanga upande wa pili wa mtaa. Mwalimu hakulalamika. Ili kupitisha muda alimtajia Kapitolina mito mikubwa inayomwaga maji katika bahari ya barafu ya kaskazini, akianzia magharibi. Dvina, Pechora, Ob, Yenisei. Kila baada ya dakika chache, katikati ya habari za mto, aliuliza kama fundi amefika, naye akajibu asubiri, fundi yuko njiani. Alijibu hivyo mara kumi na moja. Mwalimu akataja Lena, akataja Yana, akataja Indigirka, akanyamaza. Vilen alipofungua mlango alimkuta ameketi sakafuni, kofia juu ya magoti, mkate kwapani, moyo umesimama.

Mambo ya misonobari yalianza kama yanavyoanza mambo mengi ya miji hiyo: asubuhi moja kulikuwa na uzio. Kati ya majengo ya Sosnovka na njia ya reli kulikuwa na kichaka cha misonobari mirefu, mahali watu walipofundishia watoto kuteleza na vibao vya theluji, na mahali walipozika paka wao. Uzio wa bati ulisimamishwa, na bango likasema patajengwa majumba matatu ya ghorofa ishirini na tano. Ndani ya wiki kundi la mtaa kwenye simu lilikuwa na watu elfu mbili.

Aliyeliendesha alikuwa Elvira, mfamasia wa Kitatari wa jengo la nane, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye binti wa darasa la pili. Alipanga zamu za kulinda miti, na kila asubuhi aliyekuwa tayari aliandika alama ya kujumlisha na namba ya jengo lake. Kwa sababu mkutano wowote ulihitaji kibali ambacho hakuna aliyewahi kukipata, hakuna aliyeandika neno mkutano. Waliandika kwamba kindi wana njaa. Hapo watu mia mbili walishuka na karanga mifukoni, wakasimama mbele ya tingatinga, wakilisha kindi.

Kisha wakagundua kwamba kundini mna wasiojulikana. Ilitangazwa siku moja kwamba kindi wana njaa saa kumi na mbili langoni, na saa kumi na mbili askari walikuwa wamekwisha jipanga langoni, wametulia, kama wenyeji wanaongoja wageni. Walichukuliwa watu thelathini, Elvira akiwamo, na kwake ilikuwa mara ya pili. Huko sheria ya mambo hayo inajulikana na kila mtoto: mara ya kwanza faini, ya pili siku kumi na tano ndani, ya tatu miaka. Elvira alitoka baada ya siku kumi na tano akiwa mwembamba, akawaambia wenzake waache kundi la simu liendelee kupiga soga za paka na mabomba, na kazi ya kweli wairudishe mdomoni. Kila mlango wa jengo ukapewa mtu mmoja wa kugonga nyumba za wenzake. Wakawekeana na kanuni: hakuna anayetoka kwa neno la mtu mmoja. Lazima mashahidi wawili, kutoka pande mbili za kichaka, waone kitu kilekile.

Lakini tingatinga zilipokuja, mtandao na simu vilikatwa mtaa mzima, na kugonga milango ya majengo kumi na manne huchukua saa nzima. Msonobari huanguka kwa dakika nne.

Ndipo Elvira akashuka ngazi za jengo la tano na jamu ya matunda ya porini mkononi.

"Shangazi Kapa," alisema, "una kile kitufe cha kuzungumza na lifti zote pamoja."

"Kile ni cha moto."

"Nasi tunaungua."

Kapitolina alimwambia alikuwa amebakiza miaka miwili kupata pensheni yake, na kwamba siasa si kazi yake. Elvira hakubishana. Alikunywa chai, akasifu maua ya dirishani ambayo hayajawahi kuona jua, akaondoka. Siku nne baadaye, simu zilipokatika na mtoto mmoja akashuka mbio kusema ameiona mashine upande wa shule, na bibi mmoja akaiona upande wa uwanja, Kapitolina alijikuta ameinama juu ya kipaza sauti.

"Taarifa ya matengenezo," alisema kwa sauti yake ya kazini. "Kindi wana njaa."

Katika lifti zote zilizokuwa zikipanda na kushuka watu waliinua vichwa. Ndani ya dakika kumi kichaka kilijaa.

Jengo la tisa halikuhesabiwa katika haya yote. Lilikuwa limepata ufa kutoka msingi hadi paa, wakazi wakahamishwa mwezi wa nane, milango ikafungwa kwa mnyororo na kubandikwa karatasi ya muhuri. Umeme wa lifti zake ulikatwa. Kapitolina mwenyewe alitia sahihi. Kwenye meza yake taa mbili zilibaki zimekufa, 9-1 na 9-2, naye alizifunika kwa kipande cha plasta ili asizitazame.

Katikati ya Januari, mchana wa baridi kali ambao ukungu wake ulifanya majengo yaonekane yanaelea, kitu chekundu kiliwaka chini ya plasta.

Alikiangalia kwa muda mrefu. Kisha akainua plasta. Ilikuwa 9-2.

Alifungua laini. Palikuwa na mvumo, kama wa chumba kitupu, halafu pumzi. Pumzi hiyo hakuitambua, na hilo pekee lilimtisha.

"Zamu?" sauti ilisema. Ya mzee, kavu, yenye adabu. "Upande wa reli wanakata uzio. Malori matatu."

"Nani mwenzangu?"

Taa ilizimika. Dakika hiyohiyo mtu wa Elvira aliingia kusema amesikia malori upande wa reli, ila ukungu umemzuia kuona. Kapitolina akasema shahidi wa pili yupo. Watu walitoka, wakakuta malori matatu na uzio umekatwa.

Kuanzia hapo 9-2 ikawa shahidi wake. Iliwaka mara nne mwezi huo, mchana kila mara, na kila mara ilisema kweli: wangapi, wapi, wanaelekea upande gani. Elvira aliuliza ni nani huyo anayeona vizuri hivyo. Kapitolina alijibu kwamba yuko upande wa jengo la tisa. La tisa si liko tupu, Elvira aliuliza, na Kapitolina akasema kuna mtu. Kwa haraka ya siku zile Elvira aliridhika. Mtaa mzima uliokuwa umekataa kutoka kwa neno la mtu mmoja ukawa unatoka kwa neno la mtu ambaye hakuna aliyemwona.

Vilen ndiye aliyetilia shaka, tena kwa jambo dogo. Alikuwa akila supu yake ya kabichi mezani pale aliposimuliwa.

"Betri ya kipaza sauti cha lifti ile haifiki wiki ikikatiwa umeme," alisema. "Sasa ni miezi sita."

"Labda mtu ameibadilisha."

"Nani? Funguo ninazo mimi." Alitafuna. "Labda ni wao, Kapa. Wameunganisha waya mahali, wanakulisha kweli nne ili umeze uongo mmoja."

Maneno hayo yalimkaa. Taa ilipowaka tena, wiki ya tatu ya Februari, hakusubiri habari. Aliuliza kwa ukali anaongea na nani, na kama hataji jina basi asiite tena.

Pumzi ilikuja na kwenda. Ndipo sauti ikasema, taratibu, kama mtu anayeendelea na hesabu aliyoiacha kwa muda mfupi tu:

"Kolyma."

Kapitolina alizima laini. Baada ya Indigirka, mto mkubwa unaofuata kuelekea mashariki ni Kolyma. Kwamba mwalimu aliishia Indigirka hakumwambia mtu, hata Vilen. Alikaa na chai yake mpaka ikapoa, akairudisha plasta mahali pake, na hakumweleza Elvira neno.

Siku ya mwisho ya Februari iliangukia zamu yake. Siku hiyo kibali cha kukata miti kilikuwa kinakwisha. Misonobari ikisimama mpaka jua lizame, wenye majumba wangehitaji kibali kipya na kikao cha hadhara, na kila mtu alijua hadhara ya Sosnovka ingesema nini. Kwa hiyo kila mtu alijua pia kwamba leo watakuja.

Saa nne asubuhi simu zilikatika. Saa nne na robo Elvira aliingia, kope zake zimeganda barafu, skafu ikining'inia.

"Wamefika langoni. Tingatinga mbili, injini zinanguruma. Nimeziona kwa macho yangu. Ita."

"Wa pili ni nani?"

"Hakuna muda wa wa pili, shangazi. Watu wamejaa kwenye lifti na ngazi, wamevaa, wanasubiri sauti yako tu. Ita."

Kapitolina aliweka kidole juu ya kitufe cha moto. Chini ya plasta paliwaka wekundu.

Alifungua laini, na safari hii Elvira alikuwa karibu, alisikia yote.

"Zamu," ilisema sauti. "Subiri."

Elvira aliinamia meza.

"Subiri," ilisema tena, bila haraka. "Fundi yuko njiani."

"Ni mzee gani huyo?" Elvira aliuliza. "Fundi gani tena? Anasema nini?"

Neno hilo Kapitolina alimlisha mtu mara kumi na moja, na mtu akafa nalo. Sasa alikuwa anarudishiwa. Aliwaza kwamba hiki ni kisasi: atawaambia watu wasubiri, na miti itaanguka wakiwa wamesimama kwenye masanduku ya chuma, kama mwalimu alivyoketi. Kisha akawaza alivyosema Vilen, kweli nne na uongo mmoja. Kisha akamtazama Elvira, aliyekwisha kamatwa mara mbili, aliyemwacha binti yake kwa jirani na begi la nguo kama mtu asiye na hakika ya kurudi jioni.

Alibonyeza kitufe cha moto.

"Taarifa ya matengenezo," alisema. "Subirini. Msitoke. Niko nanyi."

"Unatuua," Elvira alisema kwa sauti ndogo. "Unatuua, shangazi Kapa, na pensheni yako hiyo."

Alianza kupanda ngazi ili akaite watu kwa mdomo wake. Kapitolina alimwambia kanuni ni yake yeye Elvira, mashahidi wawili, na hawa wawili wanapingana. Elvira alisimama ngazi ya tatu, mkono ukutani, hakupanda na hakushuka.

Kitufe cha moto hufungua laini zote, na Kapitolina hakukiachia. Taa arobaini ziliwaka pamoja, na ile ya arobaini na moja, na chumba kile cha chini kikajaa pumzi. Mtaa mzima ulikuwa umesimama ndani ya lifti na makoti yake, umenyamaza, unapumua. Alimsikia mwalimu wa piano. Alisikia mluzi wa pua ya dereva wa tramu. Mahali fulani mtoto aliuliza kama kindi wamekwisha kula, akanyamazishwa. Na kati ya pumzi zote hizo kulikuwa na moja iliyotoka kavu, kwa mpangilio, isiyo na haraka ya mtu aliye hai. Ilikaa pamoja na zingine kama jirani.

Walikaa hivyo dakika thelathini na tano. Nje injini zilinguruma bila kusogea.

Hatua zilisikika ngazini, moja nzito na moja ya kuburuta. Vilen alimpita Elvira, masharubu meupe kwa barafu, akaegemea meza.

"Nimetoka jengo la kumi na nne," alisema akihema. "Nimekata njia nyuma ya magereji. Kuna mabasi matano pale, mapazia yamefungwa, injini zimezimwa, vioo vimeganda kwa ndani. Mnajua kioo hugandaje kwa ndani? Kwa pumzi. Yamejaa watu."

Elvira alishuka ngazi mbili. "Na langoni?"

"Langoni nimepita pia. Nimefuta kioo cha tingatinga kwa mkono wa koti nichungulie. Injini inaunguruma, na kwenye kiti hakuna mtu. Zote mbili. Zimewashwa tu, zikaachwa."

Haikuhitaji kuelezwa. Askari wa mabasini wangewakamata kwanza walinzi wa miti wote pamoja, halafu madereva na misumeno wangeletwa kwenye kichaka kitupu. Elvira aliketi kwenye ngazi, akavua kofia, akaifunika usoni.

Kapitolina aliutazama wekundu wa 9-2. Vilen alifuata macho yake.

Saa saba mchana, hakuna mtu aliyekuwa ametoka, na wale wa mabasini walikuwa wamekaa kwenye baridi ile tangu alfajiri. Mabasi yaliwasha injini moja baada ya jingine, yakaondoka. Saa nane waliletwa madereva na watu wa misumeno. Hapo ndipo Kapitolina aliposema kindi wana njaa, na wakashuka watu mia nne, wawili wawili kwa kila mti, wakaegemeza migongo. Madereva waliwatazama, wakatazama huku na huku wakitafuta askari, wakavuta sigara, wakasema wao hawakulipwa kukanyaga bibi za watu. Saa kumi na mbili jua lilizama na misonobari imesimama.

Mkubwa wa ofisi ya lifti alimpigia asubuhi iliyofuata, laini ziliporudi, akamwambia kuanzia siku hiyo asije tena. Kapitolina alisema sawa. Alimwomba Vilen funguo, Vilen akasema watakwenda wote.

Mbele ya jengo la tisa theluji ilikuwa laini, haijakanyagwa tangu ianze kuanguka. Karatasi ya muhuri ilikuwa nzima. Vilen alifungua mnyororo, wakapanda kwa miguu hadi ghorofa ya saba, lifti ya pili ilikokuwa imesimama, goti lake likilia kila ngazi. Alizungusha gurudumu la mkono mpaka sanduku la lifti likalingana na sakafu, akaipachika nondo mlangoni, akafungua.

Ndani hapakuwa na kitu. Kuta za chuma, balbu iliyokufa, na baridi iliyokusanyika miezi sita. Kapitolina aliingia, akasimama, na ndipo alipoona jambo ambalo wiki zote hizo hakuwahi kuliwaza: lifti haina dirisha. Kutoka pale mtu hawezi kuona reli, wala lango, wala malori. Hawezi kuona chochote.

Barafu nyembamba ilikuwa imefunika kila ukuta. Kwenye kitufe cha kuitia tu ilikuwa imeyeyuka, mahali pa kutosha ncha ya kidole kimoja.

Vilen aliinama akaitazama alama hiyo.

"Siku ile nilichelewa kiasi gani, Kapa?"

"Usihesabu," alisema. "Baki hapa. Acha mlango wazi."

Alishuka peke yake, akavuka ua, akarudi mbele ya meza ambayo haikuwa yake tena. Aliibandua plasta, akaitupa. Katika miaka yote hiyo watu ndio waliokuwa wakimwita yeye. Sasa alibonyeza 9-2 kutoka upande wake.

"Lavrenty Osipovich," alisema. "Fundi amefika. Unaweza kutoka."

Kilichojibu ni mvumo wa chumba kitupu. Alisubiri, mkono juu ya meza, na baada ya muda hata mvumo ule ukakoma.